Mashine ya marehemu baba imevunjika meno, na mdogo wangu hapokei simu yangu

*Barua ya msomaji*

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni fundi mkerezaji hapa Kizota, Dodoma. Nina miaka 42, mke na watoto watatu. Naomba jina langu lisitoke. Jina la mashine pia nalihifadhi, kwa sababu za aina ile hapa mjini hazimalizi vidole vya mkono mmoja na mafundi wote wanajua ipi ni ya nani.

Ni mashine ya kukereza vyuma, imetengenezwa Uingereza. Marehemu baba aliinunua kwenye mnada wa vifaa vya chuo kimoja cha ufundi nikiwa darasa la nne. Ililetwa na trekta, imelazwa juu ya magunia ya pumba, na baba alitembea kwa miguu nyuma ya tela kutoka stesheni mpaka nyumbani akiogopa isije ikaanguka. Kwa mashine hiyo alitusomesha sote wanne. Alifariki mwaka 2019. Siku zake za mwisho aliniita akaniambia, "Mashine usiiache ilale na vumbi." Hakuandika popote, lakini maneno hayo ninayo mpaka leo.

Kazi zangu ni bushi za bajaji na pikipiki, pini za tela na shafti fupi za mashine za kusaga. Ukifika msimu wa alizeti, wateja wa Kibaigwa, Kongwa na wengine mpaka wa Singida huleta vipuri vya mashine za kukamua vilivyolika. Msimu huo ndio unaolipa ada za watoto.

Mwezi Machi nilikwenda msibani Mpwapwa. Karakana nilimwachia mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ana miaka 27 na ufundi nilimfundisha mwenyewe. Alikuwa anakata thredi, yaani mistari ya skrubu, kwenye shafti, simu ikaita, akageuka kuipokea. Kigari kinachobeba kisu kikaenda moja kwa moja kikagonga chaki, yaani kile kichwa kinachoshika chuma, ikiwa inazunguka. Jirani anayeuza mkaa anasema alidhani bodaboda imegonga geti. Gia ya katikati, yenye meno 40, imepoteza meno manne mfululizo, na mkono wa kasti (chuma cha kumimina) unaoshika zile gia umepasuka. Ile pini ndogo ya kwenye skrubu ndefu haikukatika, maana nilishaitoa miaka mingi nikaweka boliti. Ilikuwa inakatika kila mara na kutuchelewesha.

Niliporudi nilimwambia mdogo wangu maneno mbele ya wateja. Sitayaandika hapa. Usiku ule alifunga begi. Sasa yuko Manyoni, anafanya kazi kwenye gereji ya mtu. Kwa mama anapiga, kwangu hapokei.

Nimehangaika, Mjomba. Fundi wa kuchomelea wa mtaani aliunga ule mkono wa kasti, ukapasuka tena pembeni mwa weldi kabla sijaufunga. Nikapanda treni ya SGR mpaka Dar es Salaam, Gerezani, nikachongesha gia mpya kwa shilingi 180,000. Ni nzuri kwa macho, meno 40 kamili, chuma kizuri. Nikaifunga kwa kuushikilia ule mkono na klampu. Ikalia kama mbuzi anayechinjwa, na baada ya nusu saa grisi ilikuwa inameta vumbi la chuma. Nimezipima kipenyo cha nje kwa vernia: ya zamani, penye meno mazima, ni milimita 53.3, mpya ni 52.5. Nikaambiwa tofauti hiyo ni ndogo, itajisaga yenyewe.

Kijana wa dada yangu akatafuta mtandaoni. Kiwanda kiliacha kutengeneza toleo hilo zamani sana. Kuna mtu anasema anayo seti nzima ya gia, lakini anataka hela yote kwanza, kwa simu.

Mke wangu anasema inatosha. Dalali wa vyuma chakavu ametoa bei ya shilingi 800 kwa kilo, na mashine ina kama kilo 350. Mke wangu anataka tuiuze, tuchukue mkopo kwa hati ya kiwanja, tununue mashine mpya ya Kichina. Mama hataki hata kulisikia neno "kuuza". Anasema hilo ni kaburi la pili la baba. Nami sina nguvu. Kila asubuhi nafika karakana, nafunua turubai, naiangalia, nafunika, narudi nyumbani. Huu ni mwezi wa nne. Wateja wa alizeti wameshapeleka kazi kwingine.

Naomba unishauri. Niendelee kutafuta spea za mashine ambayo haitengenezwi tena, au niiuze? Na je, nina haki ya kumdai mdogo wangu gharama? Aliyeivunja ni yeye.

Wako,
Fundi wa Kizota

*Mjomba anajibu*

Marahaba mpwa wangu, na pole. Pole ya mashine, na pole ya baba pia, maana naona barua yako imebeba yote mawili.

Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma kama fundi aliyesimama mbele ya mashine hizi sehemu kubwa ya maisha yake, na mkono ukaanza kutafuta penseli. Mara ya pili niliisoma kama mtu mwenye ndugu. Mara ya tatu nilikuwa natafuta sentensi moja niliyohisi imenipita, nikaikuta. Nitaifikia. Tuanze na chuma kwanza, kwa kuwa ukiwa umechoka hivyo ni rahisi kuzungumza juu ya chuma kuliko juu ya watu.

Unasema mashine imekufa, ingawa neno hilo hukuliandika. Umefunika turubai, umeacha kazi miezi minne. Lakini gia zilizovunjika kazi yake ni kukisukuma kigari. Chaki haizungushwi na hizo. Je, umeziondoa kabisa, ukawasha mashine ukaisikiliza ikizunguka peke yake? Funga shafti iliyonyooka, weka saa ya kupimia myumbo juu yake, zungusha kwa mkono polepole. Kama mshale hauyumbi zaidi ya ulivyokuwa ukiyumba siku zote, na beringi hazigugumii, basi moyo wa mashine ni mzima. Bushi ya bajaji haihitaji gia hizo. Pini ya tela haihitaji. Unazungusha gurudumu la mkono taratibu kama baba yako alivyokufundisha ulipokuwa hujaruhusiwa kugusa kitu kingine. Usichoweza ni kukata thredi na kukereza kigari kikijiendesha chenyewe. Hilo ni pengo kubwa, sikatai, lakini kati ya hilo na kufunga karakana kuna nafasi.

Nakuuliza hili si kwa kukulaumu. Fundi wa umri wako anajua haya. Ndiyo maana najiuliza kama kilichokuzuia miezi yote hii ni gia.

Kipimo kikionyesha kwamba chaki nayo imepinda, hesabu zote zinazofuata zinabadilika. Kwa hiyo usitoe shilingi nyingine kabla ya kupima.

Sasa gia. Vipimo vyako viwili vya vernia vimenieleza karibu kila kitu, na nakushukuru kwa kuviandika. Fundi wa Gerezani hakukudhulumu. Alichonga gia sahihi ya mashine nyingine. Chukua idadi ya meno, ongeza mbili, unapata 42. Gawanya 53.3 kwa 42, unapata 1.27. Gawanya 52.5 kwa 42, unapata 1.25 kamili. Hiyo 1.25 ni moduli, kipimo cha milimita kinachotumika kwenye mashine nyingi za leo. Hiyo 1.27 si moduli. Ni inchi moja, yaani milimita 25.4, ikigawanywa kwa 20. Waingereza wa zamani hawakupima gia kwa moduli, walipima kwa meno yanayoangukia kila inchi ya kipenyo, wakaita DP. Gia yako ni DP 20. Fundi alitafuta kikataji kilicho karibu zaidi kwenye boksi lake akapata cha 1.25, na kwa macho huwezi kuona tofauti. Meno lakini yanaiona. Kila jino linafika pahali pake likiwa limechelewa kidogo, linasukumwa, linakwaruza, na ule mlio uliousikia ndio huo. Hiyo haitajisaga yenyewe. Itazila gia nzima zilizobaki. Itoe leo.

Kwa hiyo ukienda kwa mtu wa kuchonga, usimpe gia iliyovunjika ukamwambia "chonga kama hii." Mwandikie kwenye karatasi: meno 40, DP 20, kipenyo cha nje milimita 53.34, kina cha jino milimita 2.74. Kikataji cha DP kwa meno 40 ni namba 3. Sisitiza kwamba ni namba 3 ya DP, kwa sababu vikataji vya moduli vinahesabiwa kinyume, na namba 3 ya huko ni ya gia ya meno 17 hadi 20. Kuna jambo la pembe ya jino pia: gia nyingi za zamani zilichongwa kwa nyuzi 14.5, za siku hizi ni nyuzi 20. Imeandikwa ubavuni mwa kikataji, asome kabla hajaanza. Kugawa meno 40 ni rahisi sana. Kichwa cha kugawia cha kawaida, kile kifaa cha kugeuza gia hatua kwa hatua, kina uwiano wa 40 kwa 1, kwa hiyo kila jino ni mzunguko mmoja kamili wa mpini. Hata mwanafunzi hawezi kupotea.

Je, kikataji cha DP 20 kitapatikana Dodoma? Pita SIDO, shirika la viwanda vidogo, pita VETA, chuo cha ufundi stadi, uliza kwa unyenyekevu na uende na hiyo karatasi. Kisipopatikana, ipo njia ya mafundi wa zamani, na mimi naipenda. Chukua kisu cha kawaida cha kukerezea, kinoe taratibu kwenye jiwe mpaka kiingie sawasawa katikati ya meno mawili mazima ya gia yako, ukikiangalia dhidi ya mwanga wa dirisha mpaka usione upenyo. Kisu hicho kimoja kikizungushwa kwenye mashine ya milingi kinakata gia nzima, pengo kwa pengo. Inachukua siku badala ya saa, lakini jino linatoka na umbo la jino la mashine yako, si la kwenye kitabu.

Na kabla ya hayo yote, boksi la gia za kubadilisha la baba lipo? Umesema iliyovunjika ni ya katikati. Kama yenyewe inapokea tu na kupeleka, iko peke yake kwenye mhimili wake, basi idadi ya meno yake haibadilishi thredi. Yoyote ya DP hiyohiyo inayofika pande zote mbili itakaa. Labda ulishajaribu. Kama boksi lilipotea, tuliache.

Mkono wa kasti nao una sababu ya kupasuka tena. Kasti haivutiki. Ukiichomelea ikiwa baridi, kwa vijiti vya kawaida, pale palipopata moto panataka kujikunja wakati sehemu nyingine imesimama, na chuma kinapasuka pembeni ya weldi, palepale ulipopasuka wako. Wanaoiweza huipasha moto yote kwanza, hutumia vijiti vya nikeli, huchomelea vipande vifupi vifupi, kisha huifukia kwenye majivu ipoe usiku kucha. Wengine huiunga kwa shaba ya manjano na gesi, ambayo inasamehe zaidi. Lakini wako umeshaingia weldi ya kwanza, itabidi isagwe yote itoke. Mimi ningefikiria jambo jingine: ule mkono si lazima uwe wa kasti. Ni kipande chenye tundu la kuukaza na mpenyo mrefu wa kusogezea gia. Bamba la chuma la kawaida la milimita 12 au zaidi, keekee, tupa, na siku mbili za subira. Hautakuwa na maandishi ya kiwanda, ila gia zitashikwa.

Sasa neno lile, "haitengenezwi tena." Limekutisha kuliko linavyostahili. Mfano upo: Myford, mashine ndogo ya kukereza inayojulikana sana, ilitengenezwa Beeston karibu na Nottingham. Kiwanda kilifungwa mwaka 2011, jina likanunuliwa na wengine, na mpaka leo spea zake zinauzwa. Kiwanda kufungwa na spea kwisha ni mambo mawili tofauti. Kuna watu huko Uingereza wanaonunua mashine zilizochoka, wanazifungua na kuuza kipande kipande. Ili mtu wa namna hiyo akusaidie anahitaji namba iliyogongwa kwenye kitanda cha mashine. Mara nyingi iko mwishoni, upande ulio mbali na chaki, chini ya grisi iliyoganda. Futa kwa mafuta ya taa, ipige picha. Piga picha ya gia juu ya rula.

Lakini huyo wa "hela yote kwanza," mpwa wangu, mpe jaribio dogo. Mwambie akutumie picha ya seti hiyo ikiwa pembeni ya karatasi yenye maneno utakayomchagulia wewe, na tarehe ya siku hiyo. Mwenye mali hawezi kushindwa. Na hata akiwa mkweli, kuna usafiri, kuna ushuru wa forodha, na kuna kwamba gia hiyo nayo imefanya kazi miaka kama yako. Uliza gharama ya kuifikisha Dodoma kabla ya bei yake.

Hiyo ndiyo njia ya kutengeneza. Nimeikalia muda mrefu kwa sababu ndiyo ninayoijua, na unisamehe kama inaonekana nakuvuta huko. Njia ya mke wako nayo nataka tuitazame kwa heshima ileile.

Sidhani kwamba mke wako anaidharau kumbukumbu ya mkwe wake. Nadhani amemwona mumewe akifunua na kufunika turubai kwa miezi minne. Pengine anapokuambia "uza mashine," anachotaka kusema ni "rudi kazini." Umewahi kumuuliza? Mashine mpya ina faida za kweli: gia zake ni za moduli, kikataji kipo kila mahali, na wa kukuuzia spea yupo Dar es Salaam. Hatari ziko kwingine. Mkopo unadai kila mwezi, na kazi yako, kwa maelezo yako mwenyewe, inajaa msimu wa alizeti na kupungua baada ya hapo. Hati ya kiwanja ni paa la watoto watatu. Mashine nyingi mpya zinataka umeme wa fezi tatu. Karakana yako inao? Kabla ya kusaini chochote, kaeni wawili na daftari, mwandike mapato ya kila mwezi wa mwaka jana, mwezi kwa mwezi, na mtazame ni miezi mingapi rejesho lingeweza kulipwa bila kugusa chakula.

Na kama mtauza, msimuuzie dalali wa chakavu. Kilo 350 kwa shilingi 800 ni 280,000, na kwa fedha hiyo anachukua chaki, beringi, kitanda kilichonyooka na visu vyote, avikate kwa gesi. Fundi mwenzako mahali fulani kati ya Tabora na Morogoro anatafuta spea za mashine hiyohiyo kama wewe unavyotafuta. Huyo atalipa zaidi, na mashine itaendelea kuzunguka.

Hapo namkumbuka mama. "Kaburi la pili la baba" ni neno zito, na sikushauri ubishane nalo. Lakini baba mwenyewe, kwa maneno uliyoninukulia, hakusema "usiiuze." Alisema usiiache ilale na vumbi. Leo iko chini ya turubai. Sijui mama angejibu nini kama angeulizwa kipi kingemuumiza baba zaidi, mashine kufanya kazi kwa mtu mwingine au kulala kwako. Huenda akajibu usichotarajia. Muulize mkiwa mnakula, si kwenye kikao.

Sasa ile sentensi.

Uliandika kwamba ile pini haikukatika kwa kuwa uliitoa miaka mingi ukaweka boliti. Umeipitisha haraka, katikati ya habari ya simu na ya jirani wa mkaa. Mimi nimesimama hapo. Unajua pini ile ni ya nini. Imetengenezwa kwa chuma laini au shaba, makusudi, ili siku kigari kinapogonga yenyewe ndiyo ikatike, skrubu ndefu isimame, na hasara iwe pini ya kukereza kwa dakika kumi. Ilipokuwa inakatika kila mara ilikuwa inasema kuna kitu kinakaba, labda kigari kikavu, labda kisu kinakula sana. Boliti halikatiki. Nguvu ile ikatafuta pengine pa kutokea, ikapata meno manne na mkono wa kasti.

Sisemi mdogo wako hana kosa. Kuigeuzia mgongo mashine inayokata thredi kwa ajili ya simu ni kosa, na naye kama ni fundi anajua hivyo bila kuambiwa. Sisemi pia kwamba wewe ndiye uliyeivunja. Nasema mambo mawili yalikutana siku ile, la kwake la sekunde moja na la kwako la miaka, na wewe hukuwepo. Swali ninalotamani ujiulize kabla ya kumdai ni hili: anajua? Ana miaka 27. Inawezekana amekuta boliti hilo, akalijua hilo tu, na hajawahi kusikia kwamba pale palikuwa na pini. Inawezekana huko Manyoni analala akiamini kwamba ameiua mashine ya baba yake peke yake.

Haki ya kudai unayo, kama kaka na kama mwenye karakana. Wengine wangekushauri mgawane gharama nusu kwa nusu, au alipe kwa kazi badala ya fedha, na mipango hiyo imesaidia familia nyingi. Lakini fikiria deni linapokelewaje likiwa ndilo neno la kwanza baada ya miezi minne, na baada ya maneno yale ya mbele ya wateja. Unaweza kumpata kupitia mama, kwa kuwa simu yake anapokea. Hatari yake ni kumfanya mama mbeba maneno, na maneno yakibebwa hubadilika uzito. Unaweza kumtuma mzee wa ukoo, shangazi yenu kama yupo. Unaweza kupanda basi la asubuhi kwenda Manyoni mwenyewe. Hilo linatisha kuliko yote, maana anaweza kukukatalia mbele ya watu kama ulivyomsema mbele ya watu. Siwezi kukuahidi kwamba hatafanya hivyo. Ukienda, sijui kama ningebeba maneno mengi. Ningebeba lile boliti mfukoni.

Nikueleze jambo langu. Mwaka wangu wa pili wa kujifunza, nilikigongesha kigari kwenye chaki nikavunja meno matatu ya gia. Fundi wangu hakusema kitu siku nzima. Kesho yake aliniwekea gia mezani, keekee ya mkono na tupa. Tukatoboa matundu madogo pale meno yalipokuwa, tukakata thredi, tukakaza vijiti vya chuma, kisha nikavichonga kwa tupa mpaka vikawa meno, nikilinganisha na jino zima kwa kipande cha bati nilichokikata umbo lake. Siku tatu. Yeye alikaa pembeni yangu akifanya kazi zake, na kila nilipodhani nimemaliza alipitisha kidole chake kwenye jino na kutikisa kichwa. Gia ile ilifanya kazi kwa mzigo mdogo mpaka ilipopatikana nyingine. Njia hiyo ingefaa kwako pia kwa muda, ukikereza kwa wepesi. Na ni kazi inayokwenda vizuri wakiwa wawili, mmoja ashike gia, mwingine tupa.

Kuhusu pini, pima tundu lake leo, utafute kijiti cha shaba. Kereza kadhaa kwa wakati mmoja, gurudumu la mkono linatosha kwa kazi hiyo. Itakuwa kazi ya kwanza ya mashine tangu Machi, ikiwa chaki imepona.

Niandikie tena ukishapima. Nataka kujua mshale wa saa uliyumba kiasi gani, na namba uliyoikuta chini ya grisi. Na nisalimie mama.

Mjomba